Tupeane uzoefu: vitambulisho kwa kamishna wa viapo na fomu za pasipoti, sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Mwana wa Isyesye
Wadau wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, naomba tukusanye hapa yaliyotukuta tulipokwenda kuapa kwa kamishna wa viapo, yaani wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, au kupeleka fomu za pasipoti Uhamiaji. Nimemsindikiza mdogo wangu aliyepata chuo India, na nimeona watu wazima wakirudishwa dirishani kwa sababu ya herufi moja. Mtu katoka Chunya, mwingine Ileje, nauli imeshaliwa, anaambiwa majina hayafanani. Inaniuma sana. Aliyepitia aseme alikwama wapi na alitokaje, mwingine ajipange kabla hajapanda basi.

Letu lilikuwa hivi. Dogo kwenye cheti cha kuzaliwa ni Ambakisye. Cheti cha kidato cha nne kinasema Ambwakisye, na NIDA walifuata hicho cha shule. Kijana wa steshenari aliyetujazia fomu mtandaoni akasema lazima tubadili jina kisheria. Wakili tuliyemfuata alikataa. Alisema hati ya kubadili jina, ile inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ni ya mtu anayeacha jina moja na kuchukua lingine. Dogo hajaacha jina lolote, aliandikwa vibaya tu. Akamwapisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, fomu ikapokelewa. Kwa hiyo kabla hujalipia chochote, muulize anayejua sheria, siyo anayejua kuchapa.

Mama Lusajo, Tukuyu
Asante kwa kuanzisha, baba. Mimi lililonitesa siyo karatasi za binti yangu, ni zangu mwenyewe. Fomu ya pasipoti inataka na uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi. Nimezaliwa nyumbani, kijijini Rungwe, mkunga alikuwa bibi. Cheti sina, nilichonacho ni kadi ya ubatizo.

Nikaambiwa kiapo cha kuzaliwa kinakubalika. Sawa. Wakili alipoomba kitambulisho changu cha Taifa akaweka kidole kwenye zile tarakimu za mwanzo, akanionyesha: 1959. Akaweka kadi ya ubatizo pembeni: 1961. Nilikuwa sijui kabisa kwamba tarakimu nane za kwanza za namba ya NIDA ndiyo tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Kadi ninayo kwenye pochi miaka yote hiyo! Akasema hawezi kuniapisha kwa mwaka mmoja huku kitambulisho ninachomwonyesha kinasema mwingine, Uhamiaji wataliona hapo hapo.

Tulimwita baba mkubwa, yeye alikuwa kijana mkubwa nilipozaliwa na anakumbuka. Akathibitisha ni 1959, mwaka ambao dada yetu mmoja alifariki. Wa ubatizo ndio ulikosewa. Baba mkubwa ndiye aliyeapa kwamba anajua kuzaliwa kwangu, na kitambulisho chake kikaambatanishwa. Nawaombeni wenzangu, kama mna mzee aliyewaona mkizaliwa, msisubiri. Mwandikisheni kiapo angali na kumbukumbu.

Karani wa Uhindini
Shikamoo mama. Nafanya kazi ofisi ya wakili hapa mjini, naomba niongezee kwenye hilo la kitambulisho, maana watu wanadhani tunawasumbua.

Angalieni sehemu ya mwisho ya hati yoyote ya kiapo, pale anaposaini kamishna. Pameandikwa kwamba kiapo kimetolewa Mbeya, tarehe fulani, na fulani "ambaye ninamfahamu binafsi" au "ambaye ametambulishwa kwangu na fulani, ambaye ninamfahamu binafsi". Njia ni hizo. Sasa wewe umetoka Mbarali leo, bosi wangu hajawahi kukuona. Akisaini bila kukutambua, ameandika uongo kwenye hati ya kisheria. Ndiyo maana tunataka kitambulisho chenye picha, na bado tunapenda uje na mtu ambaye ofisi inamjua.

Sehemu hiyo hiyo ikikosa mahali au tarehe, kiapo kina kasoro, na tangu marekebisho ya sheria ya 2016 jina la kamishna nalo lazima liandikwe. Kabla hujatoka ofisini kwetu au kwingine kokote, isome. Mhuri peke yake hautoshi.

Na kuna ndugu hutuma karatasi kwa bodaboda, "naomba wakili anigongee, mwenye kiapo yuko shambani". Haiwezekani. Anayeapa anaapa mwenyewe, mbele ya kamishna.

Kijana wa Ipogolo
Hilo la mhuri ni kweli. Kuna ofisi niliambiwa niache elfu kumi na jina langu, nitakuta kiapo tayari jioni. Nilikataa, nikaenda kwa mwingine. Pasipoti ni shilingi 150,000 na unakaa nayo miaka 10, siwezi kuijenga juu ya kiapo ambacho sijaapa.

Mimi kadi ya NIDA ilikuwa haijatoka, nina namba tu. Wakili wa pili alikubali leseni ya udereva pamoja na barua ya mtendaji yenye picha iliyogongwa mhuri. Na kopi za vyeti asizithibitishe mtu kabla hajaona vyeti halisi, kwa hiyo nendeni navyo vyote.

Mkinga wa Makambako
Kwangu ni Marekani. Kaka yuko huko na anamwombea mke wake ahamie. Tulianza kuhangaikia notari, yule mthibitishaji wa hati, kwa kila karatasi, kumbe ile ahadi ya kumtunza mhamiaji, fomu I-864, haihitaji notari siku hizi. Kaka anasaini mwenyewe, na akidanganya sheria inamshika. Cheti cha ndoa cha Kiswahili ndicho kinatakiwa tafsiri ya Kiingereza, na mtafsiri aandike kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi.

Lingine, notari wa kule, tofauti na tulivyozoea hapa kwetu, si lazima awe wakili. Kama siyo wakili, haruhusiwi kukushauri ujaze nini kwenye fomu za uhamiaji. Kuna Watanzania wamelipa hela nyingi kwa watu wa namna hiyo.

Binti Tunduma
Kwa tunaovuka Nakonde kila wiki: jina kwenye hati ya safari na kwenye kadi ya homa ya manjano viwe sawasawa. Mimi nilikwamia hapo.

Mama Lusajo, Tukuyu
Karani, mwanangu, nina swali. Shangazi naye anataka kuapa, hajui kusoma wala kuandika, na Kiswahili kinampiga chenga. Itakuwaje?

Karani wa Uhindini
Anaapa vizuri tu, mama. Hati atasomewa na kuelezwa kwa Kinyakyusa mpaka aseme ameielewa, kisha ataweka dole gumba badala ya sahihi. Msomaji ataandikwa jina lake kwenye hati hiyo hiyo, kwa hiyo na yeye aje na kitambulisho. Mleteni asubuhi, kabla mawakili hawajaenda mahakamani.