Sare ya kupeana mikono, ile ya wachezaji kukubaliana wenyewe: tuifute kwenye sataranji ya watoto Arusha?

Wadau, tuliongee hili waziwazi. Kuna walimu hapa mjini wanataka mashindano ya vijana yasiwe na sare kabisa: mkitoshana nguvu, mnacheza mchezo wa haraka hadi mmoja afungwe. Wanasema watu waliozoea drafti za vijiweni Ngarenaro na Kijenge hawawezi kukaa saa tatu halafu waambiwe hakuna mshindi.

Napinga. Mwaka 2018 kule London, Carlsen wa Norway, bingwa mtetezi, na Caruana wa Marekani waligombea ubingwa wa dunia kwa michezo 12, yote ikaisha sare. Mchezo wa kwanza ulikwenda saa saba na hatua 115. Caruana alibanwa, akang'ang'ana mpaka akaponea. Hiyo nayo mtu aiite sare ya uvivu?

Uliozua kelele ni wa 12. Carlsen ana kete nyeusi, amekaa vizuri ubaoni, saa ya mwenzake inayoyoma, na bado hatua ya 31 akaomba sare. Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, alimkosoa hadharani. Siku mbili baadaye wakaingia michezo ya haraka ya kuamua bingwa, ambako Carlsen ndiye mkali zaidi, akashinda yote mitatu. Alijua anakopeleka vita.

Sasa linganisha na mashindano ya dunia ya michezo ya kasi kule Samarkand, Uzbekistan, 2023. Warusi Nepomniachtchi na Dubov walizungusha farasi wao huku na huko, wakamaliza kwa sare hatua ya 13. Mwamuzi akaona wamepanga, akawapa sifuri wote wawili. Hapo nampigia makofi.

Na ndicho kinachotutafuna sisi. Hatua ya nane, ubao bado umejaa kete, watoto wa shule moja wanatazamana, mmoja ananyoosha mkono, saa inasimamishwa, hao mbio nje. Hawajajifunza chochote siku hiyo, na waliocheza kwa jasho meza ya pili wanapitwa kwenye msimamo.

Pendekezo langu: asiombe mtu sare kabla ya hatua ya 30. Wajanja watarudiarudia hatua zilezile hadi ubao ujirudie mara tatu, maana kwa kanuni hiyo nayo ni sare, najua, kwa hiyo mwamuzi apewe nguvu ya kuwanyima pointi akiona wamepanga.

Lakini mnaotaka kuifuta kabisa, nijibuni: mtoto aliyezidiwa kete mbili, akajilinda saa nzima hadi akakosa hatua yoyote halali ilhali mfalme wake hashambuliwi (kwa kanuni hiyo ni sare), nusu pointi yake mnamnyang'anya kwa kosa gani?