Tupeane uzoefu: usaili wa serikalini na yale maswali ya "tueleze siku ambayo..."

Hamjambo wadau wa Tanga. Mchujo nimepita, sasa nimeitwa mahojiano, Afisa Maendeleo ya Jamii. Kabla hamjanipa maarifa nianze na aibu yangu ya mwaka jana. Niliulizwa, "Tueleze siku uliyotofautiana na mwenzako kazini." Mimi usiku kucha nimekariri sera, nikawashushia njia tano za kutatua migogoro, moja baada ya nyingine. Mama mmoja kwenye jopo akaweka kalamu chini: "Mwanangu, hizo tunazijua. Wewe ulifanya nini?" Nikabaki natoa macho. Mliopita, mlijiandaaje?

*Wa Ngamiani:*
Pole dada. Mimi niliandika visa vitano kwenye daftari, vyote vyangu. Kila kisa nikakipitisha njia moja: hali ilikuwaje, jukumu langu lilikuwa lipi, nikafanya nini, ikaishaje. Kisa kimoja kinajibu maswali hata matatu. Changu kilikuwa cha kujitolea zahanati: foleni ya dawa inachanganya wote, wazee na wajawazito wanakaa mpaka saa tisa. Nikamwomba mfawidhi tuwatengee dirisha asubuhi, wakawa wanaondoka saa tano. Nilipokuwa nasimulia nikawa nasema "tuliamua, tulipanga", mzee mmoja akanikata: "Nyie kina nani?" Tangu hapo ni "nili" mwanzo mwisho. Na fanya mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu asiyekuonea haya. Mimi nilimtumia shangazi, alinisuta kuliko jopo.

*Wa Pangani:*
Kwa msiowahi kukaa ofisini: mimi nilikuwa na duka la mjomba tu. Nikaeleza nilivyoanzisha daftari la madeni, kila mteja anasaini mwenyewe, ugomvi ukaisha. Wakaandika. Nilifaulu ila nafasi zilijaa, jina likabaki kanzidata, ile orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, miezi saba baadaye nikapangiwa kituo. Kwa hiyo usikate tamaa mapema.

*Wa Makorora:*
Mimi sikufika hata kwenye swali. Cheti cha shule kimeandikwa Mwanaidi, cha kuzaliwa Mwanahidi. Tangazo la usaili lilisema wazi kabisa, majina yakitofautiana uje na hati ya kisheria. Sikulisoma mpaka mwisho. Nauli ya Dodoma kwenda na kurudi, nikaishia kwenye meza ya uhakiki. Wengine siku hiyo walirudishwa kwa kubeba karatasi za matokeo badala ya vyeti halisi.

*Mwanzisha mada:*
Yangu yako sawa, nimeyaangalia sasa hivi kwa woga. Swali: kisa nilichoharibu mwenyewe, nacho nikitaje?

*Wa Ngamiani:*
Kitaje, huwa wanakiuliza. Sema ulikosea wapi na siku ya pili ulibadilisha nini. Ila usije na kile cha "kosa langu nafanya kazi kupita kiasi", wamekisikia tangu asubuhi.