Naomba ushauri: mtoto wa yaya (ndugu yangu mukubwa) akifika miaka 18, kodi ya nyumba itapanda?

Bandugu, zaidi nyinyi mulioko Marekani, munisaidie. Yaya yangu iko kule na batoto, analipiwa nyumba kwa ile vocha ya Section 8, yeye anatoa kama asilimia 30 ya mapato yake kisha kukata vile wanaruhusu, yenye inabakia serikali inalipa. Sasa mtoto wake mukubwa anafanya kazi ya jioni, anaosha sahani mu restora, na mpaka leo ule mushahara hawauhesabu juu hajafikisha miaka 18. Lakini anakaribia, njo wasiwasi wetu. Nasikia akiendelea kusoma muda wote sehemu kubwa ya mushahara wake haitaingia mu hesabu, akiacha masomo wanahesabu yote, na yeye anasema anataka kuacha afanye kazi tu! Wenye mulipita mu hali hii, kodi ilipanda sana? Na kubadilisha karatasi munapelekaga mara moja ao munangojea ile hesabu ya kila mwaka?

Tena kuna binamu yetu anataka kuhamia kwake, atalala mu salon (sebuleni). Mimi nimemuambia yaya asimuingize bila kuomba ruhusa ya ofisi yenye inatoa vocha, mutu mukubwa wakimukuta hajaandikwa, yaya anaweza kupoteza vocha yote.

Na zile dola anatutumia huku Goma kwa dawa ya mama, kuna mutu walishakubali kumukatia hizo ku mapato?