Mjadala: Daktari akishika kalamu, siri ya mgonjwa inabaki wapi?

Mwenye mada, Bukavu: Ndugu zangu, mimi ni daktari, tena naandika makala za afya na nina kipindi redioni kila Jumamosi. Watu huniuliza muda naupata wapi. Muda upo, zamu za usiku si zote za kukimbia. Kilichonishinda ni kingine. Niliandika habari ya mama mwenye kisukari aliyechelewa kuja hadi tukamkata kidole cha mguu. Jina nikabadilisha, umri nikapunguza. Nikaacha tu kwamba anauza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, soko la Kadutu, na kwamba huvaa buti za mvua hata kiangazi. Siku ya tatu soko zima lilishamjua. Leo nasema: anayetibu asiwe mwandishi wa habari. Achague moja. Nibishieni.

Mtangazaji, Goma: Pole Dokta, lakini kosa ni la zile buti. Mhariri makini angezifuta. Ebola ilipofika Goma Julai 2019 sisi tulikuwa tunasoma matangazo tusiyoyaelewa, huku mtaani wanasema ni ugonjwa wa kutafutia pesa. Mlipuko ule uliua zaidi ya watu 2,200 Kivu Kaskazini na Ituri hadi ulipoisha Juni 2020. Ninyi minganga, madaktari wetu, mkinyamaza, chanjo nani ataieleza?

Muuguzi, Panzi: Kueleza chanjo ni kazi moja, kumsimulia mtu ni nyingine. Halafu mbona hamgusi kupaji? Mwandishi akipewa bahasha ya pesa ili aandike vizuri, hiyo tunaiita kupaji. Dokta anayesifu redioni kliniki anakofanya kazi jioni, hiyo tuiite nini?

Mwanafunzi wa udaktari: Na Dokta Mukwege je? Alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, akayasema ya wanawake wetu waliobakwa mbele ya dunia, na 2018 akapata Nobel ya Amani. Hata Chekhov, mwandishi yule Mrusi, alikuwa daktari. Mwaka 1890 alikwenda kisiwa cha Sakhalin, akajaza maelfu ya kadi za wafungwa na wakazi, akatoa kitabu.

Mwenye mada: Chekhov ananisaidia mimi, mdogo wangu. Wale hawakumjia kutibiwa. Yeye ndiye aliyewafuata, kadi mkononi, wakamwona anaandika. Mama yangu wa sambaza aliona stetoskopu tu. Kwa Mukwege sibishi, kwani pale kimya kilikuwa kinawalinda wabaya. Muuguzi, umenichoma. Kliniki hiyo ipo, na niliisifu.

Mtangazaji, Goma: Si ungemwomba ruhusa?

Mwenye mada: Nimwombe lini? Mguu unamuuma, dawa iko mkononi mwangu. Hapo atanikatalia vipi?

Muuguzi, Panzi: Na yeye alikuambia nini?

Mwenye mada: Hakuna. Sambaza bado nanunua kwake. Zamani alikuwa akijaza kikombe mpaka kinamwagika, kisha anaongeza kiganja kizima. Siku hizi anajaza, anasawazisha juu kwa kidole, ananihesabia chenji.