Tupeane uzoefu: "will" na "going to" zilikuumbua wapi?

Mtoto wa Majengo
Wakuu, jioni njema. Leo nipo stendi ya Nane Nane hapa Dodoma, Mzungu mmoja anamuuliza kijana wa tiketi habari za basi la Singida. Dogo kamjibu "I'm coming", kageuka, kaondoka zake. Mgeni kabaki ameduwaa, maana kwao anayesema hivyo anakusogelea, hakupi mgongo.

Nikakumbuka yangu. Niliitwa usaili ofisi fulani hapa mjini, siku ya Jumatano. Mama mmoja, kwa upole kabisa, kaniuliza, "What are you doing this weekend?" Nami shuleni nimekariri kwamba "-ing" ni jambo linalotendeka sasa hivi. Nikajibu, "I am answering your questions, madam." Wote watatu wakainamia karatasi zao. Kazi sikupata. Leteni yenu.

Kondakta Mstaarabu
Hahaha, mkuu, ulijibu swali la Jumatano.

Mwl. Mstaafu
Mnaruka darasa halafu mnalalamika. "I" na "we" zinachukua "shall", waliobaki "will". Basi.

Kondakta Mstaarabu
Shikamoo mwalimu. Hiyo "shall" siku hizi imebaki kwenye mikataba na kwenye "Shall we go?" Ukimwambia abiria "You shall pay" umeshamtolea amri.

Mwl. Mstaafu
Marahaba. Nimefundisha Mpwapwa miaka 31, kijana.

Kondakta Mstaarabu
Sijabisha miaka, mwalimu. Nabisha "shall".

Zabibu Chungu
Nyie mnacheka, sisi ilitugharimu mavuno.

Mzee wangu ana zabibu Hombolo. Mavuno ya Agosti akaja mnunuzi mgeni, mkalimani ni mimi, fomu foo niliyemaliza juzi. Jamaa akazunguka shambani, akaonja moja, akatema kokwa, akasema, "I think we'll take about two tonnes. Maybe Thursday." Mzee akaniuliza, anasemaje? Nikamwambia, "Watachukua tani mbili Alhamisi." Nilivyokuwa naona, "will" ni "-ta-", na "-ta-" ni "-ta-".

Jumatano mzee akaita vibarua kumi, wakakata kutwa nzima, kreti zikapangwa chini ya mwembe. Alhamisi kimya. Ijumaa nyuki wamejaa, kreti za chini zinatoa maji. Nikapiga simu. Jamaa akashangaa kweli kweli: "But I said I think." Mzee kanitazama, hakusema neno. Jioni akauza zilizopona kwa bei ya kutupa.

Dada wa Area D
Pole sana kaka. Ila tazama, Kiswahili chetu kinafanya hivyo hivyo, sema hatukuambiwa shuleni. Mtu akisema "kesho naenda Kibaigwa", ujue nauli anayo mfukoni. Akisema "nitaenda Kibaigwa", hata begi hajalitazama. Kama jamaa angekuwa ameshapanga lori angesema "We're taking two tonnes on Thursday". "I think we'll" ni mtu anayewaza kwa sauti.

Fundi Bomba
Dada unatusema mafundi hapo kwenye "nitakuja".

Dada wa Area D
Sijataja mtu. Nasubiri sinki tangu Jumatatu.

Mnadani
Zabibu Chungu, msisingizie Kiingereza. Mnunuzi hajatoa kishika uchumba, unakataje mzigo? Hata angesema "going to" ningemwambia weka hela mezani.

Zabibu Chungu
Rahisi kusema ukiwa hukuwepo.

Chimwaga Boy
Kwa anayetaka msaada: ukiamua hapo hapo, "I'll". Kama ulishanuia, "I'm going to". Mambo ya ratiba, kama SGR, "The train leaves at six", huhitaji "will" yoyote. Na baada ya "when" msiiweke: "I'll call you when I arrive", siyo "when I will arrive". Ukiona wingu jeusi, "It's going to rain", maana dalili unaiona kwa macho.

Kondakta Mstaarabu
Dalili, Dodoma hii? Wingu la kwetu lipewe "might" tu. Na SGR usiitaje mbele ya watu wa mabasi.

Mwl. Mstaafu
"I shall call you when I arrive." Inasikika vizuri zaidi.

Mtoto wa Majengo
Zabibu Chungu, mzee anakutuma ukalimani tena?

Zabibu Chungu
Ananituma. Ila sasa nikimaliza kutafsiri ananiuliza, "Amesema, au anafikiri?"

Fundi Bomba
Dada wa Area D, nakuja.

Dada wa Area D
Ya stendi au ya kweli?