Mrejesho: Pesa zetu za Hija

Assalaam alaykum. Mwaka 2020 niliuliza kama mimi na mke wangu, wastaafu wa Mji wa Kale Mombasa, tudai pesa zetu za Hija kwa wakala au tumwachie hadi korona ipite. Wengi mlisema tudai.

Tulidai. Zilitoka kwa mafungu na kwa kusumbuana, lakini zilitoka. Na afadhali, maana mwaka ule Saudia iliruhusu waliokuwa tayari ndani ya Saudia tu, na 2021 ikawa wakazi wake 60,000. 2022 wakafungulia watu milioni moja, ila wawe chini ya miaka 65. Mke wangu alifaa, mimi umri ulishanipita. Nikamwambia aende na dada yake. Akanijibu, "Nikuache na nani, wewe hata chai hujui kupika?"

Mlituuliza tulikaaje. Ramadhani ile ya kafyu, 2020, misikiti imefungwa na mtaa umewekewa vizuizi, taraweh tuliswali sebuleni, mimi imamu, yeye nyuma. Nikipotea rakaa, nasikia akipiga kofi kwa mikono yake kunizindua, kama fikihi (sheria za ibada) inavyomtaka mwanamke, ila kwa nguvu kuliko inavyotaka.

Mwaka 2023 sharti la umri liliondolewa na tukajiandikisha upya, kwa wakala mwingine. Bei ilikuwa imepanda, kwa hiyo safari ya kwa binti yetu Muscat ikabidi ingoje. Aliyeuliza habari za chanjo: ya homa ya uti wa mgongo ni lazima kama zamani, msiiache hadi wiki ya mwisho.