Laki tisa za kupigia picha anga: darubini ya 130mm, Dobson ya mezani au kamera ya mtumba?

NyotaMafinga
Wakuu, habari za jioni. Kiangazi hiki nataka kuanza kupiga picha za anga, hasa Njia ya Maziwa na yale Mawingu mawili ya Magellan, galaksi ndogo za anga la kusini. Nina laki tisa, na nyingine haiji karibuni. Nimebaki na machaguo matatu: darubini ya kioo ya kipenyo cha 130mm, urefu wa fokasi 650mm, yenye stendi nyepesi ya ikweta, Dobson ya mezani (darubini ya kioo juu ya kitako, unaisogeza kwa mkono) ya kipenyo hicho hicho, nipige kwa simu, au Canon 1100D ya mtumba, lenzi ya 50mm f/1.8 na tripodi. Laptop ninayo. Nishaurini.

Fundi_Uyole
Mkuu, chukua kamera. Kwenye picha za anga kinachokula hela ni stendi, darubini inafuata nyuma. Anga linazunguka nyuzi 15 kila saa, na stendi ya ikweta inalifuata vizuri pale tu mhimili wake unapoelekea ncha ya kusini ya anga, ile nukta ambayo nyota zinaizunguka. Huku kwetu ncha hiyo iko chini mno: Mbeya ni kama nyuzi 9 juu ya upeo, Mafinga nyuzi 8 na kidogo. Kwangu mkaratusi wa jirani unatosha kuifunika. Wenzetu wa kaskazini ya dunia wana Polaris, nyota iliyo karibu na ncha yao, ya kulengea. Sisi tuna Sigma Octantis, nyota hafifu ambayo ikiwa chini hivyo huioni kwa macho. Halafu stendi nyingi nyepesi zimeundwa kwa nchi zilizo mbali na ikweta. Ukiishusha hadi nyuzi 8, ama skrubu ya kuinamisha inagoma, ama uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa tripodi.

Sasa tuseme umekosea kulenga ncha kwa nyuzi 1 tu. Nyota inaweza kuhama sekunde za tao 16 hivi kwa kila dakika (nyuzi 1 ni sekunde za tao 3,600). Kwenye 1100D yenye lenzi ya 50mm, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, inabeba kama sekunde za tao 21, kwa hiyo kosa halionekani. Kwenye darubini ya 650mm pikseli moja haifiki hata sekunde 2 za tao: nyota inakuwa mstari wa pikseli tisa au kumi. Kosa ni lile lile, ila lenzi fupi inalisamehe.

Mwalimu_Njombe
Naomba niitetee Dobson kidogo. Haihitaji umeme, unaiweka mezani na kuanza kuangalia. Wanafunzi wangu wameona pete za Zohali kwa kifaa cha aina hiyo, na mtoto akishaziona haachi kuuliza maswali. Mwezi unapigika vizuri kwa simu ukiwa na kishikio cha kuibana kwenye lenzi ya jicho. Mshtarii unachukua video, kisha programu ya AutoStakkert inachagua fremu kali na kuziunganisha, bure kabisa. Lakini kijana ametaja Njia ya Maziwa, na Dobson haifuati nyota, wala eneo inaloliona halitoshi. Kwa lengo lake nakubaliana na Fundi.

Jambo moja kwa wanaosoma: darubini ya 60mm inayotangazwa kwamba inakuza mara 525, iacheni dukani. Kipenyo hicho hakivuki mara 120 kwa picha yenye maana.

DadaTukuyu
Nipo na kamera ya aina hiyo, kaka. Hata bila kifaa cha kufuata nyota unaanza. Ili nyota zisiwe mistari, zidisha urefu wa lenzi kwa 1.6, kwa sababu ya udogo wa sensa ya kamera hii, kisha gawa 500 kwa jibu hilo: 50mm inakupa sekunde 6, na lenzi ya kawaida ya 18-55mm ukiiweka 18mm unapata kama 17. Piga picha nyingi za sekunde 6, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, uziunganishe kwa programu za Siril au DeepSkyStacker, zote za bure. Usitumie f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, nyota za pembeni zinaota mabawa. Funga hadi f/2.8. Fokasi iweke kwa mkono: kuza nyota angavu ya Alpha Centauri mara 10 kwenye skrini, zungusha hadi iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika selotepu kwenye pete isisogee.

Umande ndio adui wetu. Zungushia lenzi boksi gumu kama kofia na uwe na betri ya akiba, maana baridi ya Julai inazimaliza haraka. Septemba watu wanachoma mashamba, moshi unafifisha anga.

NyotaMafinga
Asanteni sana, naenda na kamera. Kaka Fundi, kuna siku ulitaja kifaa cha mbao cha kufuata nyota. Kinatengenezwaje?

Fundi_Uyole
Mbao mbili ngumu zilizoungwa kwa bawaba moja, isiyocheza hata kidogo. Kamera inakaa juu ya ubao wa juu. Kwenye ubao wa chini weka nati na bolti ndefu ya M6 ya kuusukuma ubao wa juu; uzi wake ni milimita 1, yaani kila mzunguko inasogea milimita 1. Kutoka katikati ya pini ya bawaba hadi katikati ya bolti pima milimita 228.5. Kipimo hiki usikikadirie, ndicho kinachofanya mzunguko mmoja kwa dakika ulingane na mwendo wa anga. Zungusha bolti kwa mkono, robo mzunguko kila sekunde 15. Pini ya bawaba ielekee kusini, iinuke nyuzi 8 na kidogo kwa kipimo cha simu, na bawaba ikae upande wa magharibi, yaani kulia kwako ukitazama kusini. Kwa 50mm unaweza kuacha shata wazi dakika nzima.

Mwanzoni mwa Agosti, saa 4 usiku, kitovu cha Njia ya Maziwa kiko karibu na utosi. Wingu Kubwa la Magellan lisubiri Oktoba, usiku wa manane kwenda alfajiri, kabla ya mvua. Halipandi zaidi ya nyuzi 30, hivyo tafuta mahali ambapo kusini ni wazi.

DadaTukuyu
Na ukienda kununua, elekeza tochi ndani ya lenzi uangalie fangasi, wanaonekana kama utando wa buibui. Kisha funika lenzi, piga sekunde 30 kwa ISO 1600, uikuze picha hiyo: ikiwa imejaa nukta nyeupe na nyekundu kila mahali, irudishe kamera umpe mwenyewe.